Mwongeli na Bendi ya Kisiagi cha Gatuanyaga

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, na jua la Gatuanyaga limeshaanza kuchoma utosi. Pikapu nyeupe kutoka Ruiru inasimama mbele ya kisiagi cha Mzee Gichuru, poshomil ya kusaga nafaka. Rachael Mwongeli anaruka chini kutoka nyuma, vumbi hadi kwenye nyusi, gita la besi mkononi.

"Polepole na hiyo mota, jameni!" anawapigia kelele wanaume wawili wanaoshusha mzigo wa pili. "Mimi nikianguka nitaamka. Hiyo ikianguka nitalipa!"

Mzigo wenyewe ni mota ya umeme ya nguvu za farasi ishirini, imepakwa rangi ya kijani ambayo bado inanuka. Mwongeli ndiye aliyesuka waya wake wa shaba, mzunguko kwa mzunguko, katika kibanda chake cha kazi mjini Ruiru. Jumatatu itafungwa hapa. Siku hiyo injini ya dizeli iliyosaga mahindi ya kijiji hiki kwa miaka ishirini na sita itazimwa, na haitawashwa tena.

Hapo ndipo penye kisanga, maana injini hiyo ya dizeli ni mwanachama wa bendi yake.

Hatufanyi mzaha. Bendi inaitwa Kinu. Ina watu watatu na injini moja, na leo ndiyo nafasi ya mwisho ya kuurekodi muziki wao ukiwa mzima. Mwaliko wa kupiga mbele za watu wengine hawana, albamu hawana, na wakiharibu leo hawatakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu yeyote kwamba waliwahi kuwa bendi.

"Nina furaha, nina hofu, nina njaa," anasema Mwongeli, akicheka kicheko kinachomtikisa mabega. "Tumbo halijui lishike gani."

Mzee Gichuru, mwenye kisiagi, anatokea mlangoni akiwa mweupe kwa unga, mkono wa kulia ukining'inia kwenye kitambaa alichofungiwa shingoni. Anaitazama mota, kisha anamtazama Mwongeli.

"Fundi, umekuja na adui yako."

"Nimekuja naye, Mzee. Tumekunywa chai pamoja hapo Thika."

Mzee anacheka hadi anashika mlango.

Mwongeli ana umri wa miaka thelathini na tisa. Alizaliwa Makongeni, Thika, binti wa fundi umeme wa kiwanda cha nguo na mama aliyeuza maharagwe sokoni. Babake ndiye aliyemfundisha kusuka mota. Jioni alikuwa akimketisha kwenye kigoda amhesabie mizunguko ya waya, na ole wake akipoteza hesabu, kwa sababu ilibidi baba mtu afumue koili nzima aanze upya.

Leo hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Watu humletea mota zilizoungua za pampu za maji, za mashine za kukata nyasi ya ng'ombe, za feni kubwa za kuku. Pampu ndogo humpa kama shilingi elfu tatu, na mwezi mzuri humwachia elfu arobaini baada ya kodi ya kibanda na bei ya shaba, ambayo anasema inapanda kila anapogeuka kando.

Wateja wake wengi hawajui kwamba mwanamke huyu mwenye bisibisi nyuma ya sikio amekuwa mwanamuziki wa andagraundi kwa karibu miaka ishirini. Andagraundi ni ule muziki ambao redio haiupigi, harusi haiuiti, na jamaa zako hukuuliza kwa upole kama unaumwa.

"Mamangu aliniuliza hivi, 'Mwongeli, hizi kelele mnafanya mkiwa mmekasirika na nani?'" anakumbuka. "Nikamwambia hatujakasirika, Mami, tunafurahi. Akasema basi heri mngekasirika."

Bendi yake ya kwanza iliitwa Fyuzi. Ilikuwa mwaka wa 2007, yeye akiwa na miaka ishirini na mmoja, na walipiga panki, ile roki ya mbio na ya kelele ambayo wimbo mzima huisha kabla chai haijapoa. Mpiga ngoma alikuwa Austine Ouma, kijana wa Busia aliyefanya kazi ya kupakia matofali Ruiru na ambaye, hadi leo, hawezi kukaa kwenye kiti bila kugongagonga kitu.

Fyuzi hawakuwa na ngoma zao wala spika. Walifanya kama bendi nyingi za Ruiru zilivyofanya wakati huo: wakaomba vyombo vya kanisa. Mapatano yalikuwa kwamba Ijumaa mchana wafanye mazoezi yao milango ikiwa imefungwa, na Jumapili wapige nyimbo za ibada.

Mambo yalienda vizuri kwa miezi minne. Kisha ikaja Jumapili ambayo Ouma, akiwa ametoka kwenye wiki ya mazoezi makali, alihesabu wimbo wa sadaka kwa mwendo wa Fyuzi.

"Nilisema moja mbili tatu nne, mikono ikaenda yenyewe," anasema Ouma, akifunika uso. "Manze, Mwongeli akanifuata! Badala anisimamishe!"

"Ningekusimamisha aje? Ilikuwa tamu!"

Wimbo ambao kwa kawaida huchukua dakika saba uliisha kwa dakika moja na nusu. Wazee wa kanisa waliokuwa wakipitisha vikapu vya sadaka hawakuwa wamefika benchi la tatu. Vikapu vikabaki vikielea katikati ya ukumbi, na waumini waliokuwa wamechelewa kufungua pochi wakazifunga polepole, kwa utulivu mkubwa.

Jumatatu yake Fyuzi waliombwa warudishe ufunguo.

Walipiga miaka mitano zaidi, popote palipokuwa na soketi ya umeme. Waliuza CD arobaini na tatu. Umati wao mkubwa ulikuwa watu sitini, na mdogo watu saba, mlinzi akiwemo. Mlinzi, anasisitiza Mwongeli, ndiye aliyecheza zaidi.

Mwaka wa 2012 akamjua Kui, mwalimu wa shule ya chekechea aliyekuwa na kinanda cha zamani chenye vitufe vinne vilivyokufa. Kui hakutaka mbio. Alitaka nyimbo ndefu zinazoelea, sauti zinazozunguka na kurudi, ule muziki wa saikedelia unaomfanya msikilizaji asijue amekaa dakika tano au saa nzima. Kwa pamoja wakaunda Mawingu ya Nanasi.

"Thika bila nanasi ungeiita nini?" anauliza Kui.

Onyesho lao lililovuma lilikuwa la mchana, katika bustani ya familia moja huko Membley iliyokuwa ikifungua nyumba mpya. Mawingu ya Nanasi walianza wimbo wao wa kwanza wageni wakiwa wanapanga foleni ya chakula. Wageni wakala, wakamaliza, wakanawa. Wimbo ulikuwa bado unaendelea. Dakika ya ishirini na mbili mlinzi wa mtaa akaja akipiga hatua za aibu, akamwinamia Kui sikioni.

"Samahani, madam. Mwenyekiti wa mtaa anauliza huu wimbo unaisha tarehe gani."

Walilipwa shilingi elfu tatu na sahani za pilau. Hizo zilibaki kuwa pesa nyingi zaidi ambazo Mwongeli aliwahi kulipwa kwa muziki.

Mpiga gita wao alipoenda kufanya kazi Katar mwaka wa 2017, Mawingu yakatawanyika. Ikafuata miaka mibaya. Mwongeli alisuka mota, akalea binti yake, akaacha besi juu ya kabati. Hakuwa na huzuni ya kulia, anasema, ila alikuwa akisikia kitu kimekosekana, hasa anapofunga kibanda jioni na mji mzima una kelele ila yake haimo.

Kilichomwamsha ni kisiagi.

Januari mwaka huu aliitwa Gatuanyaga kutengeneza pampu ya kisima. Alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, mikono ndani ya mota, aliposikia sauti kutoka mbali: pwii, pwii, pwii, pwii, halafu ghafla ikazama, pwuu, pwuu, kama mtu aliyebebeshwa mzigo, kisha ikapaa tena.

"Niliacha spana hapo hapo," anasema, na macho yake yanawaka upya kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia. "Nikamuuliza mwenye kisima, hiyo ni nini? Akaniambia, hiyo ni Gichuru. Hakusema ni poshomil. Alisema ni Gichuru!"

Katika sehemu hizi, kisiagi cha dizeli hakihitaji kibao. Mwenyewe hufunga kopo lenye matundu mwishoni mwa bomba la moshi, na kila mmoja hutoboa matundu yake kwa namna yake, ili sauti ifike mbali na isifanane na ya jirani. Mama akiwa shambani akisikia mlio anajua ni nani amefungua, naye hubeba mahindi yake aende. Kopo la Mzee Gichuru lilikuwa la mafuta ya kupikia, na alilitoboa kwa msumari wa inchi sita.

Lakini kilichomshika Mwongeli ni kule kuzama na kupaa. Injini ikiwa tupu hukimbia. Mahindi yakimiminwa, hulemewa, mwendo unashuka. Yakiisha, hupanda tena. Mahindi mabichi huizamisha sana. Nafaka ya wimbi hupita kama maji. Mtu aliyezoea mota angesema ni mzigo tu, lakini mtu aliyepiga panki miaka mitano na saikedelia mingine mitano alisikia mpiga ngoma ambaye hajawahi kumsikia.

Usiku ule ule aliwapigia simu Ouma na Kui. Wote wawili walidhani kuna msiba.

Walimwomba Mzee Gichuru awape Jumapili moja alasiri, siku ambayo kisiagi hufungwa, waiwashe injini tupu wapige nayo. Mzee hakuelewa, lakini alikuwa amempenda fundi huyu, na dizeli walikuwa wamekuja nayo.

Wakafunga amplifaya kwenye umeme mdogo wa taa. Ouma akapanga ngoma. Mzee akazungusha hendeli, injini ikakohoa, ikashika, kopo likaanza kupiga mbinja. Kwa dakika kumi hivi walikuwa na raha ambayo Mwongeli anasema hakuwa ameionja tangu ujana.

Kisha akainua macho, akaona mama amesimama mlangoni na gunia dogo kichwani.

Nyuma yake alikuwa mwingine na debe, na boda boda mbili zilizobeba magunia, na mzee mwenye toroli. Kufikia robo saa, watu zaidi ya arobaini walikuwa wamepanga foleni. Watu hawa watatu wa mjini hawakuwa wamefikiri hata kidogo kwamba ukiwasha injini ile, umeita kijiji.

"Ngai! Kwa hivyo mmewasha mashini bure?" akauliza Shosho Waithira, bibi wa miaka sabini na minne aliyekuwa ametembea kutoka ng'ambo ya kijito na debe lake. "Mimi siwezi rudi na hii mahindi. Gichuru, mwaga!"

Mzee Gichuru akamtazama Mwongeli. Mwongeli akamtazama Ouma. Ouma akainua vijiti.

Mahindi ya Shosho yakamiminwa, injini ikazama, na bendi ikazama nayo. Yakaisha, wakapaa. Wa pili akamimina, wa tatu, wa nne. Waliosaga hawakuondoka. Walikaa kwenye magunia yao, unga ukiwa bado wa moto, wakitingisha vichwa. Mama mmoja alimwambia mwenzake kwa sauti kwamba mahindi yake yeye ndiyo yaliyopigwa vizuri zaidi.

"Nilipiga miaka kumi nikitafuta watu," anasema Mwongeli. "Siku hiyo nilikuwa na watu arobaini, na kila mmoja ameleta noti zake za muziki kwenye gunia. Shosho ndiye kondakta wa bendi! Nililia, sitaficha. Nilisema ni unga umeingia machoni."

Tangu hapo, Kinu wamepiga hapa Jumamosi mbili za kila mwezi. Hapakuwa na tiketi wala malipo, ila hawajawahi kurudi Ruiru bila unga.

Habari ya stima, yaani umeme, ililetwa na Mzee mwenyewe, mwezi wa Agosti. Laini kubwa, ile inayoweza kuendesha mashine, ilikuwa imefika barabarani, dizeli ilikuwa ikimla faida yote, na kuzungusha hendeli kulimuumiza mgongo. Akanunua mota ya mtumba iliyoungua kwa bei ya chini, akaipakia kwenye gari, akaipeleka kwa fundi pekee aliyemwamini.

"Ningempelekea nani mwingine?" anauliza Mzee, akishangaa swali.

Mwongeli aliipokea, akaandika risiti, akaisukuma chini ya meza yake ya kazi. Ouma alipopata habari alikuja mbio.

"Mwambie waya haijafika," alimshauri. "Mwambie iko bandarini. Hata miezi miwili ataamini!"

"Na nikishamwambia hivyo?"

"Tunarekodi polepole. Si haraka."

Kazi kama ile humchukua Mwongeli siku nne. Safari hii mota ilikaa chini ya meza siku tisa bila kuguswa. Hakusema uongo, anaeleza, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Lakini kila asubuhi alikuwa akipitisha miguu kando yake kama mtu anayekwepa kukanyaga mtoto aliyelala.

Siku ya kumi simu ikalia. Mzee Gichuru alikuwa hospitalini Thika. Hendeli ilikuwa imerudi nyuma kwa nguvu alipokuwa akiwasha injini, ikamvunja mfupa wa mkono.

"Hakunilaumu hata neno moja," anasema Mwongeli, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inashuka. "Aliniuliza tu, 'Fundi, mota inaendeleaje?' Nilisikia aibu, nikatamani ardhi inimeze. Nilifunga mlango, nikaivuta chini ya meza, nikaanza kuhesabu mizunguko."

Ndiyo sababu leo amekuja na mizigo miwili.

Ouma anazungusha hendeli badala ya Mzee, akiwa ameweka miguu mbali kwa tahadhari. "Hii kitu inapiga teke kama punda!" Mara ya tatu injini inashika. Kopo linapiga mbinja, na huko mashambani, mtu anaweza kuona wanawake wakisimama, wakigeuka, wakielekea huku.

Lakini leo wengi walikuwa wameshafika. Habari ilienea kwamba Gichuru anazika dizeli yake. Kuna watu zaidi ya mia moja, na wengine wameacha kusaga wiki nzima ili mahindi yao yawemo. Kui ameweka vinasa sauti vitatu, kimoja kikining'inia juu ya mdomo wa kisiagi ndani ya soksi, ili unga usikiharibu.

"Nani anaanza?" anauliza Mzee.

"Mimi," anasema Shosho Waithira, na hakuna anayebisha. "Na mjue mahindi yangu haijakauka vizuri."

"Shosho, hiyo ndiyo tunataka!" anapaza sauti Mwongeli.

Yanamiminwa. Injini inazama chini kabisa, karibu kuzima, na besi inaishikilia huko, noti moja nzito inayotikisa mabati ya ukuta. Ouma anasubiri. Kui anasubiri. Kisha mahindi yanapungua, injini inaanza kupanda, Ouma anaifuata, mwendo unakuwa wa Fyuzi, panki tupu, na Shosho mwenyewe anapiga kigelegele kilichoingia kwenye rekodi na ambacho Kui ameapa hatakiondoa.

Wanapiga saa moja na dakika kumi na mbili bila kusimama. Anakuja wa mtama, wa wimbi, wa mahindi ya njano. Hakuna mpangilio ila foleni. Mwongeli anapiga akiwa amefumba macho, jasho na unga vimegeuka ugali mwembamba mashavuni, na mtu yeyote aliyekuwa pale angeona kwamba hapakuwa na binadamu mwenye furaha zaidi yake katika kaunti nzima ya Kiambu.

Gunia la mwisho linaisha. Mzee Gichuru anafunga dizeli kwa mkono wake mzima. Pwii. Pwii. Kimya.

Mzee anavua kofia.

Jumatatu Mwongeli alifunga mota yake, akabonyeza swichi, nayo ikaanza kazi bila shida yoyote. Ilisaga haraka zaidi, unga laini zaidi, na haikutoa sauti kubwa kuliko friji.

Wiki mbili baadaye, Mzee Gichuru alimpigia simu saa nne asubuhi. Mwongeli anasema alipokea huku mkono mwingine ukitafuta bisibisi, kwa sababu fundi wa mota akipigiwa simu na mteja baada ya wiki mbili, huwa si kwa salamu.

"Imeungua?" aliuliza.

"Mota iko sawa sawa," alijibu Mzee. "Watu ndio hawako."

Hawakuwa wamemhama kwa hasira. Hawakusikia kitu, basi walidhani amefunga. Walichosikia ni kisiagi cha Njau, ng'ambo ya kijito, ambacho bado kinatumia dizeli na kopo la rangi. Shosho Waithira mwenyewe alikuwa amesagia kwa Njau mara tatu, na alipokutana na Gichuru njiani alimpa pole ya kufunga biashara.

Mzee alijaribu ujanja. Alichukua rekodi ya Kui, akafunga honi, ile spika ya mdomo mpana, juu ya paa na betri ya gari, akaicheza asubuhi hadi jioni. Watu walirudi, tena wengi. Kwa bahati mbaya siku ya tatu stima ilipotea tangu saa mbili, na Mzee alikuwa ameenda kliniki ya mkono. Honi, kwa kuwa ilitumia betri, iliendelea kuita. Aliporudi alikuta foleni ya watu hamsini mbele ya mashini iliyokufa.

"Gichuru," Shosho alimwambia mbele za watu, "hata mashini umeifundisha uongo?"

Hapo Mwongeli aliposimuliwa, hakucheka sana. Alianza kufikiri. Alisuka koili ndogo ya waya mwembamba, sawa na zile za chini ya nyuzi za gita, akaifunga ubavuni mwa mota na kuiunganisha na amplifaya na honi. Koili hunasa mvumo wa mota yenyewe. Mota ikilala, honi iko kimya. Mota ikizunguka tupu, honi inavuma kwa sauti nyembamba. Mahindi yakimiminwa, mvumo unanenepa, unajaa, unafika ng'ambo ya kijito.

Ni sauti mpya kabisa, na haidanganyi mtu. Siku ya kwanza ilipowashwa, Shosho Waithira alikuja polepole, akasimama mlangoni, akasikiliza hadi mtu wa tatu akamaliza kusaga.

"Si kama ile," alitoa hukumu. "Hii ni kama ng'ombe ameshiba. Lakini ni Gichuru."

Mzee akamwomba Mwongeli jambo jingine. Alitaka bendi ije kila Jumamosi, saa tatu asubuhi, ipige na mota mpya, na akauliza wanataka kulipwa kiasi gani. Mwongeli, anayejua kwa kichwa bei ya kusuka kila mota inayouzwa kati ya Ruiru na Thika, hakujua bei ya bendi yake. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Alimwomba Mzee ampe hadi kesho.

Walikubaliana elfu nne kila Jumamosi, pamoja na unga. Mama yake, alipoambiwa, aliuliza kama wanahitaji mtu wa kuwapikia.

Hadithi ingeishia hapo, lakini wiki iliyopita mwanamume mmoja alifika kwenye kibanda cha Ruiru na mota iliyoungua kwenye toroli. Alikuwa ni Njau wa ng'ambo ya kijito. Naye ameamua kuacha dizeli.

"Nisukie hii," alisema, bila kumtazama machoni. "Na ile sauti ya Gichuru, nisukie pia. Lakini yangu iwe kubwa."

Mwongeli alilazimika kutoka nje ili acheke, na huko nje, anakiri, machozi yalimtoka. Aliporudi alikuwa ameshakata shauri. Mota ya Njau itakuwa tayari baada ya siku nne, wala haitakaa chini ya meza hata saa moja. Na Jumamosi ya kwanza ya Desemba, visiagi viwili vitapiga pamoja, kimoja kila upande wa kijito, Mwongeli kwa Gichuru, Ouma kwa Njau, na Kui amesimama darajani katikati na kinanda chake.

Kuna tatizo moja tu. Gichuru na Njau hawajasalimiana kwa miaka kumi na moja, na kila mmoja ametuma ujumbe kwamba hawezi kuwa wa pili. Gichuru anasema yeye ni mkubwa kwa umri. Njau anasema mota yake ni kubwa kwa farasi watano.

Mwongeli ameshawajibu wote wawili.

"Nimewaambia ataanza yule atakayepata mteja wa kwanza," anasema, akivuta mota ya Njau kuelekea mwangani na kuchukua bisibisi nyuma ya sikio. "Shosho ameshaniambia atakaa darajani na debe lake hadi atakapoamua. Na hao wazee wawili, kila mmoja amempelekea sukari."

Anafungua skrubu ya kwanza, akicheka peke yake.